Jina la Kumi na Tisa

Kabla hujaniuliza nakujibu: ndiyo, mimi ndiye mama wa stoo ya michezo pale chuoni, na ndiyo, mimi ndiye yule mkali. Ukinirudishia kizibao kimelowa jasho, ukakitupa dirishani kama tambara la deki, nitakuita mbele ya wenzako na utakikunja upya huku wanakutazama. Mipira ukiikalia inapinda, ukiiacha juani inapasuka, na pampu ninayo moja tu. Sindano yake nailaza kwenye kopo la dawa ili isipotee. Mwaka wa kumi na sita huu niko nyuma ya dirisha lile la waya, na kila mwanafunzi namwona kuanzia kifuani kwenda juu, maana ndivyo dirisha lilivyo. Miguu ya mtu naiona akishafika kiwanjani.

Ndiyo maana siku kijana huyu ninayetaka kukusimulia alipokuja mara ya kwanza sikujua kwamba amevaa viatu vya kanisani.

"Shikamoo, mama. Naomba mpira."

"Marahaba. Mpira upi?"

Akafikiri kidogo. "Ule wa kurusha juu ya neti."

Nikamtazama. Mtu mzima, mwaka wa pili chuoni, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe, hajui mpira wa wavu unaitwaje. Nikamweleza utaratibu wangu. Unaacha kitambulisho, unaandika kwenye daftari jina lako na kundi lako, mpira unarudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ukichelewa, kitambulisho kinalala kwangu. Akaandika taratibu, mwandiko mzuri wa watoto wa walimu, na kwenye kundi akajaza: Umoja wa Wanafunzi Wakristo. Alikuwa katibu wao. Basi kuanzia siku ile mimi nilimwita Katibu, na wengine wakaniiga.

Pembeni yake alikuwa amesimama kijana mwingine, mrefu, mwembamba, anatazama mipira yangu rafuni kwa macho ya mtu anayejua. Yeye hakusema kitu hata kimoja. Huyo nilimwita Kimya. Kimya alikuwa ametoka nchi nyingine, unavuka mipaka miwili kufika kwao. Alikuwa Mwislamu, na alikuwa anasomea upimaji wa ardhi.

Mengine nilikuja kuyajua baadaye, kwa sababu Katibu akishaegemea dirisha langu anaongea kama redio. Ni mtoto wa mchungaji, wa kwanza kati ya watano. Kwao michezo ilikuwa mambo ya watoto, ukishapata kipaimara unaachana nayo. Alipokuwa anaondoka nyumbani, baba yake alimpa Biblia na nasaha moja: utakutana na watu wa kila namna huko, waombee. Na kweli aliwaombea. Alikuwa na orodha kwenye karatasi, anaombea bweni zima kuanzia chumba cha kwanza mpaka cha mwisho.

"Lakini mama," akaniambia siku moja, anacheka na hana raha, "nilikuwa nawaombea watu nisiowasalimia."

Kimya alikuwa mwenzake wa chumbani. Semista nzima waliishi kwenye chumba chenye vitanda viwili na meza moja kama wagonjwa wawili wanaosubiri madaktari tofauti. Alfajiri Kimya akiamka kuswali, Katibu alijifanya amelala. Jioni Katibu akisoma Biblia kwa sauti, Kimya alichukua mpira wake uliochakaa, akatoka nje kuupiga ukutani. Pa, pa, pa. Ikafika siku Katibu akachoka, akatoka kwenda kumweleza kwamba kelele zile zinamzuia kusoma. Hajafungua mdomo, Kimya akamrushia mpira. Katibu akaudaka kwa mikono miwili na kuukumbatia kifuani kama mtoto mchanga, na Kimya akaangua kicheko. Eti ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia sauti yake vizuri.

Kesho yake ndipo walipokuja dirishani kwangu.

Hawa wawili wakawa chanda na pete. Kimya alikuwa mchezaji kwelikweli. Kazi yake ilikuwa ile ya kuunyanyua mpira karibu na neti, taratibu, ukae pale juu ukimsubiri mwenzake aruke aushindilie. Bila mtu wa namna hiyo, mpira wa wavu ni fujo tu. Katibu yeye alikuwa hajui kitu, lakini alikuwa na kipaji kimoja ambacho Kimya hakuwa nacho: kuita watu. Alimwita kila aliyepita njia ya kiwanja. Akamwita binti mmoja wa uuguzi, tukamwita Daktari kabla hajahitimu. Huyo hana dini yoyote na hafichi, na mkono wake ukikutana na mpira, heri usiwe upande wa pili. Wakaja wengine, wa nchi hii na za mbali, wa kila lugha na kila rangi, mpaka wakafika kumi na wanane, bila kumhesabu Katibu mwenyewe. Ofisi ya michezo ikawapa saa yao rasmi: kila Jumatano, saa kumi na nusu.

Mwanzoni waligombana sana kuhusu pointi. Kila mmoja alikuwa anahesabu kichwani kwa lugha yake, na kila mmoja anapata jibu lake. Daktari ndiye aliyekata shauri. Anayeanzisha mpira ndiye ataje pointi kwa sauti, na azitaje kwa lugha ya mama yake, na wengine wote waitikie. Jamani, mimi hapa niliyeishia darasa la saba naweza kuhesabu mpaka kumi na tano kwa lugha sita. Ya saba inanishinda kwenye nane. Kuna sauti pale ya kooni, nikiijaribu watu wanadhani nakabwa.

Na kabla ya mchezo Katibu aliomba. Hakumwuliza mtu. Kwao chakula kinaombewa, safari inaombewa, sasa mpira utachezwaje hivihivi? Wakati wa kuomba alitaka washikane mikono kwa duara. Jumatano ya kwanza binti mmoja aliyevaa hijabu akarudi nyuma hatua moja, kwa sababu yeye hashiki mikono ya wanaume. Katibu aliliona. Wiki iliyofuata alikuja dirishani mapema, akaniomba vizibao vyote, vile vya kuvaa juu ya fulana ili timu zitofautiane. Kisha akawapanga: kila mtu ashike ncha ya kizibao, na mwenzake ashike ncha ya pili. Wote, hata wale wanaoshikana mikono kila siku.

"Wote, kwa nini?" nikamwuliza.

"Akishika kitambaa peke yake, mama, atajiona yuko peke yake."

Siku hiyo nilimpenda kijana huyu, nasema ukweli. Sikumwonyesha. Nilimwambia vizibao vikilegea kwa kuvutwa nitamkata masikio.

Akishawapanga, anaomba. Anaombea miguu, anaombea vidole, anawaombea wazazi wa kila mtu huko walikobaki, na mwisho lazima aseme, "na mama yetu wa dirishani, umtie nguvu." Wakati huo mimi nilikuwa nasimamisha pampu. Adabu tu, mtu akiomba hupigi kelele. Usije ukafikiri mimi ni mpagani. Nilibatizwa kabla mama yake kijana yule hajajua kusoma. Ila tangu nilipomzika mume wangu, mwaka wa nne sasa, Jumapili nafua vizibao. Bomba liko nyuma ya stoo, na ukumbi wanamosali watu wa Umoja umeshikana ukuta na stoo yangu, kwa hiyo nyimbo zao nazisikia huku nasugua. Watu wakiniuliza mbona siendi, nawaambia kazi ni nyingi. Na hilo tuliache hapo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kijana alipoharibu.

Kila mwisho wa semista viongozi wa Umoja hujaza fomu ya huduma. Kuna safu moja imeandikwa "Waliofikiwa", yaani watu uliowapelekea Neno wakalipokea. Semista iliyotangulia Katibu aliiacha safu hiyo tupu. Mlezi wao, mhadhiri mmoja mpole mwenye miwani minene, alimshika bega akamwambia, "Si kitu, tutaomba zaidi." Mtu akikugombeza unaweza kukasirika ukapona. Upole ule ulimwingia mpaka kwenye mifupa. Na mwaka uliokuwa unakuja walikuwa wanachagua mwenyekiti, na baba yake alikwishawaambia waumini wake kwamba mwanawe ndiye.

Jumatatu akaja dirishani. "Mama, naomba kuona majina yetu ya Jumatano."

Nikampa daftari. Si kumpa tu, nilimsomea, kwa sababu mwandiko wa wengine ni wa kuku. Mimi nasoma, yeye ananakili. Nilidhani ni mambo ya vyeti vya ushiriki. Tukafika kumi na wanane, akanishukuru, akaenda zake anatembea haraka.

Alhamisi Daktari akatokea dirishani, koti jeupe la mazoezi ya hospitali bado liko mwilini, amekaza uso.

"Mama, umepita kwenye ubao wa matangazo?"

"Sijapita. Kuna nini?"

"Nenda. Hata wewe umo."

Nikafunga stoo, nikaenda na kanga yangu kiunoni. Ubao uko mlangoni pa bwalo, kila anayekwenda kula lazima apite. Karatasi nzuri, imepigwa chapa, maua pembeni: Tumshukuru Mungu kwa Hawa Waliofikiwa Kupitia Michezo. Chini yake majina. Namba moja Kimya. Namba mbili Daktari. Yule binti wa hijabu, namba sita. Wote kumi na wanane, na chini kabisa, namba kumi na tisa, mimi. Na jina langu la ubatizo amelipatia bila kosa, sijui alilitoa wapi.

Nilisimama pale mdomo wazi. Nyuma yangu vijana wawili wanasoma huku wanacheka, mmoja anamwambia mwenzake, "Kumbe yule mpimaji wa ardhi amebadili dini." Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wake. Kwangu mimi ni karaha tu. Lakini Kimya ana wenzake wa dini yake wanaokula bwalo lile lile, ana watu wa kwao wanaopiga simu nyumbani.

Kumbe Katibu hakujua kwamba itabandikwa. Alidhani fomu inaishia kwenye faili. Mlezi alifurahi mno, akaona furaha hiyo isifichwe. Mlezi naye simlaumu sana, aliamini alichoandikiwa.

Karatasi ilitolewa kesho yake, lakini ilikwishasomwa. Ikaja Jumatano. Saa kumi na nusu kiwanja kitupu. Katibu alifika amebeba viatu vya mchezo mkononi, macho mekundu. Kimya akaja baada yake, amevaa nguo za darasani. Wakakutana mbele ya dirisha langu, kwa hiyo nilisikia yote, na sikuwa nachungulia, nilikuwa kazini.

"Nisamehe," Katibu akasema. "Nilitaka kujaza fomu."

Kimya akaongea, na katika miezi yote ile sikuwahi kumsikia akiongea maneno mengi hivyo.

"Ulipokuwa unaomba, mimi nilishika kitambaa kwa ajili yako. Wewe unamwomba Mungu kwa namna yako, na mimi moyoni namwomba kwa yangu, nisivunjike kidole. Nilidhani unajua."

"Nilijua."

"Hukujua. Ungeniambia, ndugu yangu, Jumapili hii twende kanisani, ningekuja. Ningekaa nyuma nikakusikiliza unaimba, tukarudi tukala. Hukuniita. Uliniandika tu kwenye karatasi, kama mipira ya mama huyu."

Akanitazama mimi, akainamisha kichwa kunipa heshima, akaondoka. Ijumaa alihamisha godoro lake kwenda chumba kingine.

Nilipandwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Daftari lilikuwa langu, sauti iliyosoma yale majina ilikuwa yangu. Basi nikamtolea Katibu zote. Nikamwambia wenzake hawakuwa samaki wa kuhesabiwa kwenye ndoo. Nikamwambia mimi nimebatizwa, nimeolewa kanisani, nimezika kanisani, leo mtoto wa juzi ananiandika nimefikiwa na mpira wa wavu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni kweli, mama." Mtu akikukubalia hivyo, hasira inakosa pa kwenda.

Sasa pale chuoni kuna sheria. Kundi lenye saa yake likikosa kucheza Jumatano tatu mfululizo, saa inapewa kundi lingine, na watu wa karate walikuwa wameshaomba. Anayeandika kama mchezo umechezwa au haukuchezwa ni mimi, kwenye daftari lile lile. Jumatano ile niliandika: Hakuna mchezo.

Jumatano ya pili Katibu alikuja peke yake. Akachukua mpira, akaacha kitambulisho, akaenda akafunga neti, akakaza kamba za nguzo zote mbili, akakaa chini. Wachache walipita wakamsalimia. Hawakuwa na kinyongo kikubwa, ila bila Kimya wa kuunyanyua mpira na bila Daktari, waje kucheza nini? Alikaa saa nzima. Aliporudisha mpira nilimhurumia, nikamwambia taratibu, "Mwanangu, nitaandika mlicheza. Nani atajua?"

Akatikisa kichwa. "Andika hakuna mchezo, mama. Uongo wa daftari umeshanitosha."

Nikaandika. Ikabaki moja.

Jumapili niko bombani na ndoo yangu. Ukumbini wameimba, wamesoma, wamefika kwenye matangazo. Nikasikia sauti ya Katibu kwenye kipaza sauti. Alianza chinichini, nikafunga koki ili nisikie.

Alisema ile orodha aliiandika yeye, na haikuwa kweli. Mlezi akasema, kwa upole ule ule, "Kaa, mwanangu, tutazungumza baadaye." Akajibu, "Mwalimu, ilisomwa hadharani, niache niifute hadharani." Akaanza kuyataja majina, moja moja. Huyu hakufikiwa na mtu, alikuja kucheza. Huyu ana dini yake na anaishika kuliko mimi ninavyoishika yangu. Huyu alinifundisha kuhesabu mpaka kumi na tano. Huyu aliishi na mimi chumba kimoja mwaka mzima, akanyamaza ili mimi nisome, na nikamlipa hivi. Alipofika mwisho akasema, "Na mama wa stoo naye hakufikiwa. Yeye alituazima mpira tu." Kisha akasema hafai kuwa katibu wala mwenyekiti, na akamwomba mlezi ampigie baba yake kabla watu hawajampigia.

Nilisimama pale na kizibao mkononi kinachuruzika maji. Nilitakiwa nifurahi, si ndiyo nilichokuwa napigia kelele? Nikaona moyo umenishuka, na kwa nini, sikutaka kujiuliza.

Jumanne Kimya akaja dirishani. Hakuomba mpira.

"Shikamoo, mama. Ni kweli alisimama?"

"Marahaba. Alisimama. Nilimsikia kwa masikio yangu haya."

"Alisema nini juu yangu?"

Nikamwambia neno kwa neno. Sikutia chumvi, na mimi chumvi naijua. Alisikiliza huku anapitisha kidole kwenye waya wa dirisha. Akaniaga, akaenda. Hakusema atakuja wala hatakuja.

Jumatano ya tatu. Watu wa karate wawili walikuwa wameshafika, wamekaa kwenye ngazi na mikanda yao, wanasubiri nifunge daftari. Katibu akafunga neti kama wiki iliyopita. Saa kumi na nusu ikafika, ikapita. Saa kumi na moja kasorobo Daktari akaja amevaa raba, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mimi sina dini na sitakuwa nayo, nimekuja kumpiga mtu mpira wa uso." Katibu akacheka na machozi yanamtoka. Nyuma yake wakaja wengine wanne, kisha watatu, yule binti wa hijabu akiwa kati yao. Wakasimama pale wanautazama ule upande wa bwenini. Hawakuweza kuanza, na hawakutaka kuondoka.

Kalamu nimeishika. Nakwambia roho ilikuwa mkononi.

Kimya akatokea kona ya bwalo. Amevaa fulana yake ya kuchezea. Hakwenda kiwanjani, alikuja kwangu.

"Mama, naomba vizibao."

Nikampa vyote. Akatembea navyo mpaka katikati ya kiwanja, akampa kila mtu kimoja. Katibu alikuwa ameshauchukua mpira, amerudi nyuma kabisa ya mstari kuanzisha, hataki duara, hataki kumwudhi mtu. Kimya akamfuata kule kule.

"Mbona huombi?"

"Nimeogopa."

"Omba," Kimya akasema. Akamnyooshea ncha ya kizibao, ya pili ameishika yeye. "Sisi tutasimama na wewe. Ila usituhesabu."

Katibu akaishika ile ncha. Wakaja, wakazunguka, vizibao vyangu vimenyooshwa mkono kwa mkono. Wengine waliinamisha vichwa, wengine walitazama juu, Daktari alikuwa anafunga kamba ya kiatu kwa mkono mmoja. Ilikuwa sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba. Alishukuru kwa ajili ya kila aliyekuja, akasema amina. Hakuwataja wazazi wala vidole, na mama wa dirishani hakumtaja.

Nikaandika: Mchezo upo. Watu wa karate wakainuka wakaenda zao. Kimya ndiye aliyeanzisha mpira, akataja pointi ya kwanza kwa lugha ya kwao, na kiwanja kizima kikaitikia, na Katibu alisikika kuliko wote.

Saa kumi na mbili kasoro dakika chache Katibu akaleta mpira, ameufuta vumbi. Vizibao vimekunjwa. Nikamrudishia kitambulisho, lakini sikukiachia.

"Mama, wewe sijakuomba radhi vizuri. Nilikuandika bila kukuuliza."

"Hukuniuliza," nikasema. "Na ulipokuwa unanifuta, uliniuliza?"

Akanitazama, haelewi.

"Ulisimama ukumbini ukasema mama wa stoo hakufikiwa. Nani alikuambia?"

"Mama, wewe mwenyewe ulisema..."

"Mimi nasema mengi. Miaka minne sijaomba, kijana. Nilimwuguza mume wangu miezi saba nikiomba kila siku, na akafa. Nikanyamaza. Halafu unakuja wewe na viatu vyako vya kanisani, kila Jumatano unasema mama wa dirishani umtie nguvu. Nilikuwa nasimamisha pampu. Unajua kwa nini nilikuwa naisimamisha?"

Nikaona nimalize upesi.

"Wale kumi na wanane ulikosea. La kumi na tisa lirudishe. Si ubaoni. Kwako huko, unapoomba."

Nikaachia kitambulisho, nikafunga dirisha la mbao usoni mwake, kwa sababu sikutaka anione. Nikasikia Kimya anamwita, wakaenda.

Vizibao vya wiki ile nilivifua Jumamosi.